Meno Mafupi ya Kiatu cha Kushoto

Mjukuu wangu alicheza mpira wa kulipwa miaka kumi na mmoja, katika timu nne, nafasi ileile ya kiungo wa kati. Mashabiki walimwita Dira, kwa sababu mpira ukishamfikia ulikuwa unajua unakokwenda. Mimi nilimwita mume wangu, na akininunia namwita mtalaka wangu.

Tangu alipokuwa timu ya vijana, viatu vyake vya mpira nilivisafisha mimi. Natoa udongo kwa kijiti, nafuta kwa kitambaa kibichi, halafu nakaza yale meno ya chini ya soli kwa ufunguo wake mdogo. Meno hayo hufungwa kwa kuzungushwa kama skrubu. Yakilika unayatoa, unaweka mapya. Juu ya kabati langu kulikuwa na kopo zima la meno ya akiba.

Msimu ule wa mwisho viatu viliacha kurudi nyumbani.

"Viko wapi?" nikamuuliza.

"Anavitunza Kamba, Bibi. Pumzisha mgongo wako."

Kamba ndiye aliyetunza vifaa vya timu. Mtu wa makamo, mwembamba, jina alilipata kwa sababu mfukoni mwake hazikukosekana kamba za viatu. Miaka yote hakuwahi kukanyaga kwetu. Sasa akaanza kuja kila Jumanne na Alhamisi baada ya mazoezi, begi limemwinamisha bega moja kwa uzito. Ananiamkia huku anatazama chini, wanaingia chumbani kwa Dira, mlango unafungwa, redio inaongezwa sauti. Akitoka, begi ni jepesi. Nikiingia kufagia, nakuta sakafu imelowa.

"Mnafua nini humo ndani?" nikauliza siku moja.

"Siri za timu, Bibi," Dira akasema, akacheka. Mdomo ndio uliocheka, macho hayakuwamo.

Siku nyingine upepo ulinimwagia nguo zilizoanikwa. Kamba aliyekuwa anaondoka akarudi, akaziokota moja moja, akazikung'uta vumbi na kuzikunja. Nilishukuru kwa mdomo. Moyoni nikasema, huyu ana lake jambo, ndiyo maana anajipendekeza.

Tena kulikuwa na mambo ya uwanjani. Mimi hukaa nyuma ya benchi la timu yetu. Najua anavyogeuka kama ninavyojua anavyokohoa. Zamani alipokea mpira akageukia popote alipotaka. Sasa ilikuwa kulia, kulia, kulia. Mara mbili mguu wa kushoto ulimteleza na pasi ikaenda kwa wapinzani. Jirani yangu muuza mboga akaniambia, "Mama, dira yenu imeishiwa sumaku nini?" Wiki nzima nikawa nanunua mboga mtaa wa pili.

Halafu nikagundua kwamba yule kiungo kijana wa akiba, anayeingia kila Dira akitolewa, ni mtoto wa dada yake Kamba. Hapo nikaunganisha yote. Mjomba anashika viatu, mpwa anasubiri nafasi. Mimi hesabu yangu ilikuwa imekamilika.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Dira alikuwa na miaka thelathini na miwili, mkataba wake unaisha. Timu kubwa ya mji mwingine ilimtaka kwa misimu miwili. Jumamosi wangekuja kumtazama katika mechi ya mwisho, na Jumatatu angepimwa afya na daktari wao. Akivuka siku hizo mbili, anamaliza mpira wake kwa heshima. Akiteleza mbele yao, basi tena.

Ijumaa timu ilifanya mazoezi kwenye uwanja wa kuazima, kwa hiyo alirudi moja kwa moja na begi lake. Alipolala mchana, nikalifungua. Kiatu cha kulia kilikuwa sawa. Cha kushoto, meno yote sita yalikuwa mafupi, yamesagwa kwa tupa mpaka yanang'aa, yamebaki nusu. Nilikaa kwenye kigoda nikakiangalia muda mrefu. Hiyo haikuwa kazi ya kulika. Mtu alikaa chini akamtengenezea mjukuu wangu mtelezo.

Sikumwamsha. Nilijua angemtetea rafiki yake. Nikashusha kopo, nikatoa meno mafupi, nikafunga marefu mapya na kuyakaza kwa nguvu zangu zote. Nikarudisha viatu kama vilivyokuwa. Usiku ule nililala vizuri kuliko siku nyingi.

Jumamosi nilifika uwanjani mapema, nikakaa mahali pangu. Wachezaji walikuwa wanapasha misuli. Dira alipigiwa mpira, akaupokea, akazunguka. Kiwiliwili kilikwenda, mguu wa kushoto ukabaki umeng'ang'ania nyasi. Akasimama. Hakulia, hakuanguka. Aliinama tu, akashika goti kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe.

Kamba alikimbia na chupa ya maji, akapiga magoti, akaunyanyua ule mguu na kutazama soli. Nikamwona anaingiza mkono mfukoni. Ukatoka ufunguo. Akaanza kufungua meno yangu palepale, mbele ya watu, na kufunga mengine mafupi kutoka mfukoni.

Nilishuka ngazi mpaka kwenye uzio wa benchi. Dira alipoinuka na kwenda kwa wenzake, nikamwita Kamba.

"Nimekuona."

Akaja taratibu, meno marefu sita yako kiganjani mwake.

"Mama, ni wewe uliyeyaweka haya?"

"Ni mimi. Na wewe ndiwe uliyeyasaga yale. Mwache mpwa wako apate nafasi kwa miguu yake mwenyewe."

Alinitazama. Nilitegemea ukali. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama anaongea na mgonjwa.

"Goti lake limechanika ndani, mama. Tangu katikati ya msimu. Jino refu likishika nyasi, mguu unabaki na goti linazunguka peke yake. Jino fupi linateleza, goti linapona. Afadhali apoteze pasi."

"Na chumbani?"

"Barafu. Namkandia, barafu inayeyuka, tunamwaga ovyo. Samahani kwa sakafu yako." Akatazama benchi. "Mpwa wangu hajui lolote. Angejua, angesema, na Dira aliniomba nisiseme. Nimefanya vibaya, najua."

Akanisogezea boksi la chupa nikakaa. Aliyeletewa boksi ndiye aliyekuwa amemtegea mjukuu wake mtego kwa mikono yake miwili.

Dira alicheza dakika sitini, akageukia kulia tu, akatoka kwa makofi. Wale wageni wa timu kubwa walikuwa wanaandika na kutikisa vichwa kwa kuridhika. Niliwatazama nikaogopa zaidi.

Nyumbani akanyoosha mguu juu ya kiti.

"Kamba amechanganya meno leo," akasema. "Kidogo aniue. Ameniomba radhi mpaka nimeona haya."

Basi hata kosa langu Kamba alikuwa amelibeba yeye.

"Si Kamba. Ni mimi, Bibi yako. Nilidhani anakuhujumu." Nikamweleza yote.

"Jumatatu utamwambia daktari," nikasema.

"Wakijua hawanisaini. Misimu miwili tu, Bibi. Najua kulificha goti."

"Mimi nimekufundisha kutembea kwa kukushika vidole. Sitaki kukufundisha tena na wewe una miaka thelathini na miwili, mtalaka wangu."

Hakucheka. Akasema atafikiria.

Jumatatu alirudi jioni. "Nimewaambia," akasema, akapita kwenda kuoga. Uso haukunipa kitu. Mtu aliyenificha goti nusu msimu, kwa nini nimwamini kwa neno moja? Nikavuta begi. Kama amedanganya, kiatu kitakuwa na meno mafupi, tayari kwa kazi.

Viatu vyote viwili havikuwa na jino hata moja. Matundu matupu, soli zimesafishwa vizuri kama ninavyosafisha mimi. Meno marefu kumi na mawili yalikuwa yamefungwa kwenye kitambaa kwa kamba ya kiatu, pamoja na kipande cha karatasi chenye mwandiko wa kujikaza:

"Mama, nilikwenda naye kwa daktari. Atapasuliwa wiki ijayo, kisha miezi saba bila mpira. Ile timu haijasema ndiyo wala hapana. Wakimruhusu kucheza, yafunge wewe. Unakaza vizuri kuliko mimi."

Nikayaweka kwenye kopo, juu ya kabati. Alhamisi Kamba alipokuja, bega limeinama kwa uzito wa begi, nilikuwa nimekwishaweka beseni la barafu yake chumbani na kuzima redio.