Mama Mkwe Yuko Hewani

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeingia kwenye chumba cha mtihani, na msimamizi ni betri ya gari.

Kwanza nieleze mtihani wenyewe, maana si wa shule. Mimi na mume wangu Mbonea, ambaye mimi namwita Baba Nanzia, tuna ugonjwa wa kusafiri. Yeye hutangulia na Land Cruiser yake, mimi hufuata na ka-Suzuki kangu, tunakwenda huko ambako simu hubaki kuwa tochi tu. Mwaka jana, kando ya Ziwa Natron, nilimwona kwa macho yangu anakata kona ya kushoto kuelekea kwenye tope la magadi. Nilipiga honi mpaka ikakauka sauti. Yeye akadhani namshangilia, akanipungia mkono, akazama mpaka kwenye milango. Tulilala palepale tukitazamana na ndege heroe.

Tukaapa kwamba hatutoki tena bila redio za upepo, moja kwa kila gari. Redio hizo huruhusiwi kuzisemea bila leseni, na leseni haitoki bila mtihani. Baba Nanzia alishafaulu, na tangu siku hiyo hata chumvi mezani anaiomba kwa kumalizia na "ova", kama wafanyavyo redioni. Zamu yangu ni leo. Jumamosi tunarudi Natron, kwa hiyo nikifeli atakuwa na redio ya kuongea peke yake, na tope liko palepale linamngoja.

Basi, betri. Amekaa juu ya meza, mnene, amevaa tai, nguzo zake mbili zimechomoza kichwani kama pembe za mwanambuzi. Akanitazama kwa ile nguzo chanya.

"Jina?"

"Nakijwa."

"Hilo liache mlangoni. Hewani halitumiki."

Nikaliacha mlangoni, kando ya majina ya watahiniwa wengine. Sikuona ajabu yoyote. Kilichonisumbua ni kwamba nilikuwa nimekuja na kitenge cha jikoni.

"Swali la kwanza," akasema Betri. "Antena ya gari lako iwe na urefu gani?"

"Inategemea wimbi," nikajibu, maana hilo nilikuwa nimelisoma.

"Mlete tumpime."

Nageuka, nipo kwa fundi cherehani. Wimbi anaingia akiwa ameinama, kwa sababu urefu wake ni mita mbili na mlango wa fundi haukujengwa kwa ajili yake. Ni mtu mpole, ila hatulii. Hata akisimama anapanda na kushuka. Fundi anampima kwa tepu kutoka utosini hadi kisiginoni, anaikunja tepu, anaikunja tena, kisha anakata waya wa nusu mita na kuupiga pindo.

"Robo tu?" Wimbi akauliza. "Mimi nimekuja mzima."

"Kwa gari robo inatosha," fundi akamwambia, sindano mdomoni. "Ukitaka zaidi nenda kwenye nyumba za ghorofa."

Antena, baada ya kuvalishwa pindo, akaanza kuringa. Alikataa katakata kukaa kwenye bampa. Alisema yeye hukaa katikati ya paa, la sivyo haendi. Nikamweleza kwamba katikati ya paa kuna mkungu wa ndizi. Akasema mkungu ushuke. Nikaushusha, kwa kuwa kitabu cha mtihani kiko upande wake.

"Swali la pili," Betri akasema kutoka chini ya cherehani. "Umefika kwenye masafa. Unafanya nini?"

"Nasikiliza kwanza."

"Haya, sikiliza."

Duka likawa korido ndefu yenye milango upande huu na huu. Natega sikio. Nyuma ya mlango wa kwanza wanaume wawili wanabishana kuhusu mvua ya Mbulu. Mmoja anasema imenyesha, mwingine anasema yeye ndiye aliyelowa kwa hiyo yeye ndiye anayejua. Nyuma ya mlango wa pili mtu anakoroma. Ana leseni, kwa hiyo inaruhusiwa. Mlango wa tatu uko kimya.

"Hodi," naita. Kimya. "Hodi, kuna mtu anatumia masafa haya?" Kimya. Naita mara ya tatu, kama adabu inavyotaka, na mlango wenyewe unaitika.

"Karibu. Nani wewe?"

Nikafungua mdomo, jina halipo. Betri akanisogezea kikapu. Ndani yake mlikuwa na herufi zangu, bado changa, zinalia kama vifaranga, pamoja na tarakimu moja inayochechemea.

"Hao ndio jina lako la hewani," akasema. "Ukianza kusema, wataje. Ukimaliza, wataje. Katikati usiwasahau, wataugua."

Niliwapenda papo hapo. Niliwafunika kwa pindo la kitenge nikamuuliza Betri kama nimefaulu.

"Bado. Swali la tatu ni la vitendo."

Na sasa nipo Natron. Nimeshika usukani, kikapu kipo mapajani, Betri yuko chini ya boneti anaongea kupitia matundu ya hewa. Magadi ni meupe mpaka macho yanapochoka. Kule mbele kuna vumbi la Land Cruiser ya Baba Nanzia, na mbele ya vumbi njia inagawanyika. Kulia kuna changarawe, kushoto kuna tope. Indiketa yake ya kushoto inawaka.

"Mwambie," Betri akasema. "Huo ndio mtihani."

Nikachukua maiki, nikabonyeza kitufe. Masikio yangu yote mawili yakachomoka yakaenda kukaa juu ya dashibodi, kwa kuwa anayesema hasikii. Nikazitaja herufi zangu moja moja. Nikaachia kitufe, masikio yakarudi. Moja lilirudi upande usio wake, lakini lilifanya kazi.

Aliyeitika hakuwa Baba Nanzia. Aliitika ripita.

Kwa asiyejua, ripita ni mtambo wa juu ya mlima. Unadaka sauti yako dhaifu kutoka bondeni, unairudia kwa nguvu, inafika bonde la pili. Ripita huyu alikuwa Bi Namkunda, mama mzazi wa Baba Nanzia, amekaa juu ya kigoda kwenye mlima wa kwao Usangi, antena imechomekwa kwenye kilemba. Sikushangaa hata kidogo. Hata tukiwa macho kazi yake ni hiyo. Mwambie neno jioni upande huu wa mlima, asubuhi utalikuta upande wa pili, tena limeongezewa nguvu.

"Shikamoo mama," nikasema. Ulimi ulitangulia kabla ya akili.

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo mama."

"Nanzia mzima?"

"Mzima mama."

"Anakula?"

"Anakula, tena sana."

"Na kile kifua chako?"

"Kimepoa mama. Mama, huku kuna..."

"Na kuku?"

Kila nilipojibu, Betri alipungua. Kwenye "hatujambo" alilegeza tai. Kwenye Nanzia suruali ilianza kumpwaya. Tulipofika kwa kuku sauti yake ilikuwa ya kusikia kwa kuinama.

"Mtahiniwa," akasema, "imebaki sentensi moja. Iwe fupi."

Kule mbele Land Cruiser inaanza kukata kona. Baba Nanzia ametoa mkono dirishani, ananipungia. Ana furaha zake, maskini.

Na mama mkwe amebonyeza kitufe na hakiachii. Ametoka kwa kuku, ameingia kwa ng'ombe wa jirani aliyezaa mapacha, anamweleza pacha wa kwanza kuanzia masikioni. Kitufe kikishikwa na mmoja, wengine wote wanangoja; hiyo ni sheria. Ipo sheria nyingine, niliisoma juzi huku nasonga ugali: mwenye dharura hupishwa na wote. Wakati nasonga ugali haikunijia kwamba kwenye hao wote yumo na mama mkwe.

Jamani, yule mama hajawahi kukatizwa. Mchungaji mwenyewe akimkuta anaongea hutafuta pa kukaa. Yupo mke mmoja wa ukoo aliyewahi kukata salamu yake katikati, na mpaka leo akitajwa watu hushusha sauti. Niliogopa. Niliogopa kuliko tope, na kwa muda kidogo niliona afadhali gari lizame, tutalichimbua, kuliko mimi kuzama kule Usangi ambako hakuna koleo litakalonitoa.

Kisha nikautazama ule mkono unaopunga. Nampenda yule mwanaume. Nampenda na ubishi wake na "ova" zake za mezani, na sikutaka kumwona tena anazama huku anacheka.

Pacha wa pili akaisha. Mama akaachia kitufe avute pumzi. Nikabonyeza changu.

"Dharura! Mama, nyamaza! Baba Nanzia, kata kulia!"

Nikawataja vifaranga wangu wote, hata yule anayechechemea. Hapo Betri akazimika, tai yake ikalala kifuani.

Kimya. Umeme umekwisha, kwa hiyo masikio yangu yamebaki juu ya dashibodi, yanatazamana, hayajui yarudi vipi. Siwezi kujua kama sauti imepita. Naweza kuangalia tu.

Indiketa ya kushoto inazimika.

Inawaka ya kulia. Land Cruiser inageuza pua yake taratibu, inapanda kwenye changarawe tairi moja baada ya jingine, inasimama mahali pakavu. Nililia machozi ya raha pale kwenye usukani, vifaranga nao wakalia kwa kunifuata.

Halafu nikakumbuka nilichomwambia mama wa watu. Nikatazama mlimani. Bi Namkunda amesimama, mikono kiunoni, kilemba kimeelekea kwangu. Midomo yake inatembea. Kuna jambo ananiambia, jambo fupi, na mimi sina masikio.

Hapo nikaamka.

Kumekucha. Baba Nanzia anapiga mswaki uani na kuimba kupitia povu. Nilijishika masikio, yapo, kila moja upande wake. Lakini aibu haikubaki ndotoni, nilitoka nayo. Nimelala chali nikijiuliza mtu anamwombaje mama mkwe msamaha kwa kosa ambalo mama mkwe mwenyewe halijui.

Simu ikaita. Ni yeye.

Nikaketi haraka, nikajifunga kitenge vizuri, maana huyu hasalimiwi ukiwa umejinyoosha kitandani, hata kwa simu. Bi Namkunda hajawahi kushika redio ya upepo maishani mwake. Nikapokea kwa sauti yangu ya heshima.

"Shikamoo ma..."

"Nimekusikia, mkwe," akasema, bila hasira. "Ulifanya vizuri kunikatiza. Nimemfikishia, amekata kulia. Ova."

Akakata simu, na kuku hakuwauliza.