Tangi Sebuleni

Mjomba wa mume wangu alikuja kutusalimia, akakaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa injini, na hapo ndipo sebule yangu ilipokwenda.

Mume wangu huvusha abiria kwa boti yenye injini kuukuu kuliko ndoa yetu. Wezi wa mafuta walipozidi gatini, akaanza kulileta tangi nyumbani, likawa linalala sebuleni, miguuni pa mjomba. Siku hizo hizo injini ikaanza vituko. Inawaka vizuri, ikifika katikati ya maji inakohoa na kuzima. Mume wangu alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akamwaga mafuta akidhani yameingia maji. Wapi! Aliyeiweza ni mjomba peke yake. Alikuwa anafungua kizibo cha tangi, anachungulia, tangi linavuta pumzi "fsss", anakifunga na kuiambia injini, "Haya bibie, twende." Nayo inakwenda. Ikawa hakuna safari bila mjomba.

Mimi ni fundi cherehani. Shule ya ng'ambo ilitaka kunipa kazi ya sare za wanafunzi wote, nami nilihitaji sebule ile nitandaze vitambaa na kukata. Cherehani yangu imebanwa chumbani kati ya kitanda na kabati. Ukinyoosha kiwiko unafungua droo. Mwalimu mkuu alitaka jibu mwisho wa mwezi, na kochi lilikuwa linakoroma. Nilimchukia mjomba, sioni haya kusema. Na ile harufu ya petroli! Kila usiku nilipita nikazidi kuikaza skrubu ndogo iliyo juu ya kizibo cha tangi, harufu ikapungua, nikalala.

Siku mjomba alipougua jino, nilivuka na mume wangu kupeleka sare za mfano. Katikati ya maji, injini ikazima. Mume wangu akabonyeza ile pampu ya mpira inayovuta mafuta. Ilikuwa imenywea, haijai. Akavuta kamba, akalaani, akavuta tena. Mimi nilikaa karibu na tangi, nikaona mbavu zake zimebonyea kama mashavu ya bibi kibogoyo. Lilikuwa linatafuta hewa. Na tundu la hewa ni lile la skrubu yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe niliishona mimi.

Nikailegeza kimyakimya. Tangi likavuta pumzi, mbavu zikarudi, pampu ikajaa. Injini ikawaka, ikatufikisha ng'ambo bila kukohoa.

"Umeona, mama watoto?" mume wangu akasema. "Leo nimeiweza mwenyewe!"

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaona viganjani mwake malengelenge ya kupiga kasia injini inapozima, nikaufunga.

Tangu siku hiyo sikuikaza tena. Nilipiga hesabu zangu: injini isipozima, mjomba hana kazi, ataaga mwenyewe. Nikavumilia harufu. Jino lilipopoa mjomba akarudi botini, na kweli, injini haikuzima tena hata mara moja.

Mwisho wa mwezi, tukiwa tunakula, mume wangu akamgeukia mjomba. "Umeiponya kabisa. Sasa ukipanda tu botini, inakuogopa. Usituache, mjomba. Kochi linakuumiza mgongo, nitakununulia kitanda tukiweke hapa hapa sebuleni."

Mjomba akafuta machozi. "Nitakaa, mpwa wangu. Ila mkamwana, nina ombi. Ile skrubu ya tangi uliyokuwa unaikaza usiku, mbona umeacha? Petroli inanipasua kichwa."

Mume wangu akaacha kutafuna. "Skrubu gani?"

Neno moja tu, na sebule ni yangu. Mume wangu alikuwa ameweka viganja vyake mezani, ananisubiri.

"Ya harufu," nikasema. "Kuleni, chakula kinapoa. Nitaikaza."

Siku hizi naikaza wakishalala, naamka kabla yao kuilegeza. Mjomba anakoroma kwenye kitanda kipya. Sare alipewa fundi mwingine. Na injini, jamani, inakwenda vizuri.