Fundi Cherehani na Pete ya Mguuni

Umeme ulikatika mchana, friji ya maabara ikanyamaza, na uliporejea jioni mpimaji wa vinasaba hakuwa na hakika kama dawa zake zilikuwa bado nzima. Katika kituo kile cha kuhifadhi ndege palikuwa na desturi: dawa ikitiliwa shaka hujaribiwa kwa mate ya binadamu, kwa kuwa damu ya ndege adimu haichezewi. Kichupa cha mate huchorwa msalaba kuonyesha kuwa ni cha jaribio tu, husomwa na mashine, kisha hutupwa.

Baba yake, fundi cherehani aliyestaafu, alikuwa ameketi pembeni akimsubiri warudi nyumbani pamoja. Tangu mkewe afariki, hakupenda kukaa peke yake jioni.

"Baba, fungua kinywa."

"Mwanangu, humo yamebaki magego mawili yasiyosalimiana. Unatafuta nini?"

"Mate tu."

"Hayo ninayo."

Akamsugua shavu kwa ndani kwa kijiti chenye pamba. Vichupa vipya vilikuwa vimekwisha. Kilichobaki kilikuwa na namba ya ndege dume aliyekufa kabla ya kutolewa damu. Akakitumia hicho. Msalaba alisahau kuuchora.

Asubuhi Mkuu wa kituo alimpokea mlangoni uso umechangamka. Ndege wale wenye koo la rangi ya kutu hawakuwapo tena popote isipokuwa katika mabanda ya kituo, nao wote walikuwa wa tumbo moja au watoto wa ndugu, hata mayai yao yalikuwa viza. Sasa mashine ilikuwa imempata dume asiye na udugu na yeyote kati yao.

"Damu mpya!" alisema Mkuu. "Yuko banda gani?"

"Huyo si ndege, Mkuu. Ni baba yangu. Nilikosea kichupa."

Mkuu akaisoma karatasi tena. "Lakini ni dume?"

"Ni dume, ndiyo."

"Basi."

Jioni ile mpimaji alimkuta baba yake nyumbani akikata mipasuo miwili mgongoni mwa shati lake. Manyoya yalikuwa yamemtoka mabegani, nayo yalikuwa yakikwama kwenye kitambaa.

"Nipindie upande wa kushoto," alisema. "Mkono wangu haufiki. Na pindo liwe jembamba, usiniaibishe."

Mpimaji alipinda. Manyoya hayakumtisha; aliyaona kama mvi, kitu kinachomjia mtu kwa wakati wake. Kilichomtia hofu ni kanuni ya kituo: kila ndege wa aina ile ni mali ya kituo, popote alipo, na anayemficha hushtakiwa. Akafunga mapazia, akaziba ufa wa mlango kwa matambara.

"Baba, nakuomba, usipige mluzi."

"Nimeshona kwa mluzi maisha yangu yote."

"Safari hii shona kimya. Watakuchukua."

Mzee alijitahidi. Lakini mluzi ulikuwa umebadilika, ukawa unamtoka wenyewe kila jua likichomoza, nao ulipenya ukutani kwa jirani. Jirani huyo alikuwa mlishaji wa ndege kituoni. Mpimaji alilala na kuamka roho mkononi. Kila hatua za watu zilipopita nje, alitega sikio mlangoni. Hatimaye hatua zikasimama.

"Shikamoo, Mzee," alisema Mkuu. Mlishaji alikuwa nyuma yake, amebeba kikapu chenye kifuniko.

"Marahaba. Karibuni, ingawa viti nimevipa kisogo. Siku hizi nakaa juu ya kabati."

"Hatutakawia."

Mpimaji alisimama mbele ya kabati, mikono ameitandaza. Mlishaji alimsogeza taratibu, akimwomba radhi, kama mtu apitaye mbele ya wageni. Mzee alivishwa pete mguuni. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba kikapu hakikuhitaji kushikwa kwa mikono miwili.

Tangu hapo mpimaji alimtembelea bandani kila asubuhi. Baba yake alikuwa amepungua akawa saizi ya ngumi, koo limekolea rangi ya kutu, na alikuwa amepewa jike mjane.

"Uzee huu naozwa bila hata posa," alimwambia kupitia wavu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hawa wenzangu hawalali. Wanauliza msitu wao uko wapi."

Mpimaji alilipeleka swali hilo ofisini. Nje ya dirisha malori yenye magogo yalikuwa yakipita, na kwenye milango yake palikuwa na nembo ya mfadhili wa kituo, ileile iliyochongwa kwenye pete.

"Msitu uko chini ya idara nyingine," alijibu Mkuu.

Yai la jike yule likaanguliwa. Mpimaji akatoa tone la damu kwenye bawa la mdogo wake, akakiandika kichupa namba kwa uangalifu mkubwa. Alipogeuka, Mkuu alikuwa amesimama nyuma yake na kijiti chenye pamba.

"Damu ya mzee imetufaa mno," alisema. "Ila ya marehemu mama yako bado hatunayo. Imebaki kwako tu."

Mpimaji alitazama mlangoni. Mlishaji alikuwa hapo, ameshika kikapu. Lori jingine likapita, vichupa vikagongana rafuni.

"Fungua kinywa," alisema Mkuu kwa upole.

Akafungua.