Baka la Shemeji

Mtaa mzima ulimwita Shemeji. Watoto Shemeji, wazee Shemeji, hata mama muuza mkaa, ambaye kwa umri angeweza kumzaa, alipita mlangoni kila asubuhi akipaza sauti, "Shemeji, umeamkaje?" Alikuwa ametoka ng'ambo ya mpaka miaka tisa nyuma, akaoa binti wa mtaa huo, na mtaa wote ukajifanya wakwe. Ni kule kwenye madirisha ya uhamiaji tu ndiko walikomwita jina jingine: mgeni. Mara moja kila mwaka alikwenda kupanga foleni kuthibitisha ugeni wake, kisha akarudi nyumbani kuendelea na ushemeji.

Mkewe naye alikuwa na lake. Alikuwa mpiga picha za pasi, na kutwa kinywa chake kilisema maneno yaleyale: "Kaa wima. Shusha kidevu. Usicheke." Watu wakamwita Usicheke. Jina lilimkaa kama kofia ya kuazima, maana mtaani hapakuwa na mwanamke mwenye kicheko kama chake. Kikianza, majirani walisitisha ugomvi wao wasikilize.

Biashara yao ilikuwa chumba kimoja kilichokatwa kati kwa pazia la kijani. Upande wa barabarani kulikuwa na kiti cha kunyolea na kioo chenye ufa pembeni. Upande wa ndani kulikuwa na shuka jeupe lililobanwa ukutani kwa vibanio vya nguo, stuli, taa mbili, kompyuta na mashine ya kuchapa. Mteja wa pasi aliingia kwa mume na kichwa kama kichaka, akavuka pazia akiwa mtu.

"Mume akunyoe, mke akupige," walisema wachokozi, "ukitoka hapo hamu ya ndoa imekwisha."

Shemeji alikuwa na baka la kuzaliwa shavuni, upande wa kushoto, jeusi, kubwa kiasi cha harage. Usicheke alilipenda kuliko alivyokubali kusema. "Muumba alipokuwa anakuandika," alimwambia, "kalamu ilivuja."

"Ilivuja kwa woga," alijibu Shemeji. "Iliambiwa ikitoka kwangu inakwenda kuandika mdomo wako."

Ukutani, juu ya kompyuta, Usicheke alikuwa amebandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: PICHA YA PASI HAISAFISHWI. Wateja walimbembeleza. Dada mmoja alitaka chunusi zitolewe, mzee mmoja alitaka arudishiwe nywele. Aliwajibu wote sawa: "Nikikusafisha, mpakani atavuka nani? Wewe au huyu niliyemtengeneza?"

Ndiyo maana kosa lililokuja kuwapata halikuwa la mtu asiyejua. Lilikuwa la mtu anayejua mno.

Mwaka uliotangulia, Shemeji alipopeleka picha uhamiaji, dada wa dirisha la tatu aliinyanyua kwa ncha za vidole. "Hiki shavuni ni kitu gani? Kinaambukiza?" Akamtuma kwa daktari. Barua ya kusema kwamba baka ni baka ilichukua wiki tatu. Wakati ule walicheka sana. Shemeji aliiita cheti cha baka, akasema hata cheti chao cha ndoa hakina mhuri mzuri vile. Lakini barua ya daktari nayo hufa. Baada ya miezi sita haikubaliki tena.

Kisha ikaja simu. Wifi yake Usicheke, dada wa Shemeji, alipiga asubuhi wakati mteja yuko kitini, nusu ya kichwa imenyolewa. Mama yao alikuwa kitandani. Macho yamezima, miguu haimbebi, na kila kukicha anauliza kama basi la mwanawe limefika.

Kwenda kulikuwa rahisi. Kwao ni kwao. Kurudi ndiko kulikotaka viza ya kurejea, na sheria ilisema iombwe kabla hujatoka. Ukitoka bila hiyo, mlango unafungwa nyuma yako.

Alimaliza kichwa cha mteja, maana huwezi kumwacha mtu na nusu. Kisha akavuka pazia, akakaa kwenye stuli mbele ya shuka jeupe.

"Kaa wima," alisema mkewe. "Shusha kidevu." La tatu hakulisema. Halikuhitajika.

Picha ilipotokea kwenye kompyuta, Usicheke aliitazama kwa muda. Macho mekundu, uso umevimba, na lile baka limekoza kuliko siku zote. Alimwona dada wa dirisha la tatu akiinyanyua kwa ncha za vidole. Aliziona wiki tatu. Akamwona mama mkwe akiuliza kuhusu basi, kisha akiacha kuuliza.

Akashika kipanya. Mibofyo minne tu, na shavu likawa safi kama sahani.

Shemeji akainama nyuma yake. "Ala! Huyu ni nani? Bwana harusi wa wapi?"

"Ni wewe, umeoga."

"Mke wangu, mimi nimezaliwa nalo."

"Na utarudi nalo. Huku ni kupita dirishani tu. Wakilianza tena lile neno la daktari, mama utamkuta?"

Shemeji aliitazama karatasi ya ukutani, akamtazama mkewe, akacheka kidogo. "Haya, daktari. Lakini ukilipoteza utanilipa."

Viza ilitoka baada ya siku nne. Siku nne! Usicheke alicheza na ile pasi chumba kizima, akaibusu, akambusu na mwenyewe. Shemeji akapanda basi la asubuhi na begi moja na mashine yake ya kunyolea, kwa sababu alitaka kumnyoa mama yake mwenyewe, asinyolewe na mtu baki.

Alimkuta hai. Alipokaa kitandani, mama alinyoosha mkono, akampapasa paji, pua, kisha shavu la kushoto, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kidole kilipogusa baka, kikatulia.

"Ni wewe," alisema.

Siku ya tatu akafariki. Shemeji alimzika, akakaa matanga, kisha akapanda basi kurudi kwa mkewe.

Simu yake ilimkuta Usicheke akimpanga mteja kwenye stuli.

"Niko mpakani," alisema Shemeji. "Upande wa kule."

"Wa kwetu?"

"Wa kwetu sisi tuliozaliwa huku. Si wa kwenu." Alijaribu kucheka. "Afisa kaniangalia mimi, kaangalia picha ya viza, kaangalia picha ya pasi. Ananiuliza, baka umelinunua msibani?"

Usicheke akaketi kwenye kiti cha kompyuta, juu ya mkoba wa mteja.

"Nikamwambia nililifuta mwenyewe," alisema Shemeji. "Kwa simu yangu. Kwamba nalionea haya."

"Kwa nini umesema hivyo? Ni mimi! Mwambie ni mimi, nipe huyo afisa niseme naye!"

"Wakufungie duka? Tukose wote? Sikiliza, mama yangu. Wameandika udanganyifu wa nyaraka. Miaka mitano siruhusiwi kuingia. Ungeniachia tu harage langu."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali, ingekuwa nafuu.

Usicheke alikwenda uhamiaji siku hiyohiyo, hajabadili hata kandambili. Dirisha la tatu. Alisema kila kitu: kipanya, mibofyo minne, mkono uliofanya ni huu hapa. Dada wa dirishani alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Hilo nalo liliuma.

"Shangazi," alisema kwa sauti ya chini, "haya uliyoniambia sijayasikia. Nikiyaandika, yeye hapunguziwi hata siku moja, na wewe unaongezwa kwenye faili. Nenda nyumbani."

"Lakini ni wewe uliyemtuma kwa daktari mwaka jana!"

"Mimi?" Dada alikunja uso akitafuta kumbukumbu. "Kwa ajili ya nini?"

Hakukumbuka. Usicheke akaondoka.

Rufaa waliiandika, ikajibiwa mstari mmoja. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja nyuma. Wao Mungu hakuwajalia mtoto, lakini mjukuu huyo aliwafikia, akakaa ndani, akakalia kiti cha kinyozi. Wateja walipoingia na vichaka vyao walikuta kiti kitupu na nywele za mteja wa mwisho bado ziko sakafuni, pembeni, ambapo ufagio wa Usicheke ulikataa kufika. Mama muuza mkaa bado alipaza sauti asubuhi, "Shemeji, um..." kisha akajishika mdomo.

Karatasi ya ukutani aliibandua. Baadaye akaibandika tena.

Mwezi wa tatu aliamua kumfuata mumewe, walau kwa kumwona. Ubalozi wa kwao ulitoa siku thelathini kwa mwaka, si zaidi, kwa mke mwenye ndoa iliyofungwa nje. Ilitakiwa fomu, cheti cha ndoa na picha mbili.

Akabana shuka. Akawasha taa zote mbili. Akaweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, akaitega ijipige, akakimbilia stuli.

"Kaa wima," alijiambia. "Shusha kidevu."

Kilio kikamjia hapohapo. Kamera ikapiga. Akajifuta, akaitega tena, ikapiga, kumbe bado analia. Mara ya saba aliacha kujifuta. Alikaa wima, kidevu chini, machozi yanashuka, mdomo umefungwa vizuri kabisa. Kisha akakaa mbele ya kompyuta. Macho mekundu, mashavu yamelowa, mifereji miwili inang'aa chini ya taa. Mibofyo minne ingetosha. Mkono ulikuwa juu ya kipanya.

Akaichapa kama ilivyo.

Ubalozini, nyuma ya kioo, alikaa mzee mwenye miwani, akamwambia, "Karibu, mama yangu. Lete tuone." Na Usicheke akashika ukingo wa dirisha, kwa sababu lafudhi ilikuwa ileile. Lile "mama yangu" la kuburuta mwisho, alilolisikia miaka tisa kutoka upande wa pili wa pazia, lilikuwa limehamia kwa mtu baki.

Mzee alisoma fomu kwa kidole. "Hapa wanauliza, ni nini kitakachokurudisha nyumbani baada ya siku thelathini. Hujajaza."

"Kilichokuwa kinanirudisha nyumbani kiko kwenu."

Mzee akamtazama juu ya miwani. "Andika duka," alisema polepole. "Wakubwa wakiona mume, watasema hurudi."

Akaandika duka. Mzee akachukua picha, akaisogeza karibu, akaitazama yeye, akaitazama tena.

"Mama yangu, hapa unalia."

"Kanuni inasema nisicheke," alisema Usicheke. "Nimeisoma miaka ishirini, baba. Kulia hawajaandika."

Mzee alipaka gundi nyuma ya picha, akaibandika kwenye kisanduku chake, akaibonyeza kwa kidole gumba taratibu, kona baada ya kona, kama anayefuta kitu, kisha akaita, "Anayefuata."