Maporomoko ya Kiangazi

Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mteja wangu anajua. Lakini siku ile sikuwa na wa kumkasirikia ila mimi mwenyewe.

Mama alikuwa na kalenda ukutani, mwaka wake ulishapita zamani, hataki itolewe kwa sababu ya picha ya maporomoko. Daktari alipotuambia macho yake hayatafika masika, mama hakulia. Alisema tu, "Basi nipelekeni nikayaone yale maji kabla giza halijaingia."

Tumpeleke kwa pesa gani? Mimi fundi cherehani, mfukoni nyuzi tupu. Nikaenda kwa bwana mwenye magari ya watalii, nikamshonea mapazia ya ofisi nzima, naye akatupa nafasi mbili. "Njooni kiangazi," akasema, "magari yanakwenda matupu." Nikajiona mjanja, nikamringia hadi dada yangu. Kwa nini yanakwenda matupu, sikuuliza. Mtu mzima mimi, akili nimeiacha kwenye cherehani.

Njia nzima mama alikuwa akifuta miwani kwa upindo wa mtandio. Tuliposhuka akaniuliza, "Mbona siyasikii maji?"

"Bado mbali kidogo, mama."

Nilikuwa naomba iwe kweli. Tukafika kwenye vyuma vya kuzuia watu, na mbele yetu ukasimama ukuta wa jiwe, mkavu, una kamstari ka unyevu kasikojaza hata kikombe. Dereva akajifanya anakagua tairi. Mama akashika chuma kwa mikono miwili, akatazama. Akavua miwani, akavaa tena.

"Mwanangu," akasema taratibu, "siyaoni. Basi yameshakwisha haya macho."

Niliona aibu. "Hapana, mama. Macho yako bado yapo. Maji ndiyo hayapo. Nimekuleta kiangazi."

Akashusha pumzi, akacheka kidogo. "Ulinitisha wewe. Nilidhani ndiyo basi." Kisha akalitazama lile jiwe ufa kwa ufa, hakuacha hata kona, mpaka dereva akapiga honi.

Garini akanishika mkono. "Masika maji yakijaa unilete tena," akasema. "Nitayasikiliza."

Nikamwambia nitamleta. Lakini yule bwana wa magari madirisha yake yote nimeshayashonea.