Jina la Pili la Agness

"Leo historia ya mtaa wetu wa Kamunyonge inaandikwa upya mbele ya ukoo mzima!" Fredy alitangaza, kifua mbele, akiwa amesimama juu ya ndoo.

Ukoo mzima ulikuwa mama yake, shangazi Nyangeta na kichanga Agness, aliyekuwa akilia tangu asubuhi.

"Shuka, utapasua ndoo yangu," mama alisema.

Agness alikuwa bado hana jina la pili. Kwao, mtoto anayelia hutajiwa majina ya marehemu wa ukoo, na jina atakalonyamazia ndilo amechagua. Fredy alitaka lichaguliwe la Ghati, bibi yake marehemu aliyekuwa akimpelekea karanga bwenini shuleni kila siku ya wazazi. Hakutaka jina lile lizikwe naye. Basi akaomba kumpakata mdogo wake, kwa unyenyekevu wa shemasi.

"Nyabise?" shangazi aliita. Kilio. "Robi?" Kilio zaidi.

"Ghati?"

Fredy aliinama kama anayesali, akampuliza mtoto usoni taratibu. Agness alikodoa macho, akanyamaza.

Shangazi alipiga vigelegele, akamwinamia mtoto ambusu, kisha akasita.

"Wewe Fredy! Mbona uso wa mtoto unanuka dagaa? Umempuliza! Na si tulisema hakuna kula mpaka jina lipatikane?"

Mama aliangua kicheko. "Agness Ghati. Limeshakaa, halitoki. Ila dagaa utatueleza."

"Nimempuliza, shangazi," Fredy alisema, macho chini. "Na dagaa nimekula, mama. Lakini bibi Ghati alikuwaga ananitetea."