Mikono ya Kushoto

Siku ya ukaguzi Marudio alikuwa macho tangu alfajiri, na si kwa kupenda. Jina hilo alibandikwa na wenzake chuoni, maana mazoezi ya kufundisha aliyokuwa akiyafanya safari hii yalikuwa ya pili. Mara ya kwanza alimgeuzia mkaguzi mgongo ili aandike tarehe ubaoni, na hakugeuka tena mpaka kengele ikalia. Kanuni ya chuo haina maneno mengi: somo linarudiwa mara moja tu, na anayerudia yuko chini ya uangalizi. Akianguka tena, afungashe virago. Hakuna cha samahani wala cha shikamoo.

Nyumbani hawakujua. Dada yake, fundi cherehani aliyemlea tangu mama yao afariki, kila mteja akija kupimwa humwambia, "Mdogo wangu mwalimu," utadhani cheti kishatundikwa ukutani. Shati alilovaa leo alilishona dada huyo huyo. Kola ilimbana Marudio mpaka kumeza mate ikawa kazi.

Ndiyo maana aliposikia habari ya mbinu, aliikamata kama mfa maji. Mbinu yenyewe ilitoka kwa mwenzake mmoja aitwaye Njia Mkato, na jina halikukosea.

"Bwana wee, unajitesea nini?" alimwambia. "Waambie watoto wote wanyooshe mikono ukiuliza swali. Anayejua, wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Mkaguzi ataona msitu wa mikono, na wewe unachuma ya kulia tu."

Basi wiki nzima darasa lilifanya mazoezi ya mikono zaidi kuliko ya hesabu. Watoto walifurahi mno. Mpe mtoto siri ya mkubwa uone atakavyovimba kichwa! Isitoshe walimpenda, kwa sababu hakuwahi kuwainulia fimbo wala sauti. Hawakujua kwamba alikuwa akiwaogopa.

Mkaguzi aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Bi Mizani, na chuoni hakuna aliyekumbuka kuyaona meno yake. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha nyuma, akafungua kalamu.

"Endelea, mwalimu. Usinijali."

Usinijali! Rahisi kusema. Marudio alishika chaki ikavunjika. Somo lilikuwa kujumlisha sehemu. Akauliza swali la kwanza kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, na mikono yote ikaenda juu kama alivyowafunza. Hapo ubongo ukamganda. Kulia kwao ni upande gani kwake? Alitazama mikono yake mwenyewe, akageuza hesabu kichwani, kisha akamwita kijana wa mbele aliyeitwa Kasuku. Kasuku akajibu sawasawa. Swali la pili likapita. La tatu likapita. Kalamu ya nyuma ilikuwa ikikwaruza karatasi, na kila ikikwaruza, moyo wa Marudio uliruka.

"Nusu ujumlishe na robo?" akauliza.

Mikono juu. Kabla hajachuma, sauti ya Bi Mizani ikatoka nyuma.

"Yule binti wa dirishani. Kila swali ananyoosha na humchagui. Hebu tumsikie."

Binti huyo wenzake walimwita Kimya, kwa jinsi alivyokuwa haongei. Mkono wake ulikuwa umenyooka mpaka kwapa, na ulikuwa wa kushoto. Marudio alihisi sakafu inamkimbia.

Kimya akasimama. "Mbili juu ya sita."

Hakuna aliyecheka. Darasa zima lilimgeukia mwalimu kwa macho ya watu waliokamatwa pamoja. Njia ilikuwepo: aseme "asante, kaa," amwite Kasuku, aendelee na zoezi kama lilivyotaka andalio la somo, zile karatasi alizoandikia mpango wa kipindi. Asiyemaliza andalio hukatwa alama, na yeye hakuwa na alama ya kuchezea. Lakini aliutazama mkono wa Kimya, ambao ulikuwa bado umebaki nusu juu, kama umesahauliwa. Wiki nzima mkono huo ulikuwa ukimwambia *sijui, mwalimu*, naye akaufurahia kwa kuwa ulijaza msitu wake. Aliona aibu, aibu kali, na woga haukuondoka hata kidogo.

"Umepataje?" akamuuliza.

"Moja na moja, mbili. Mbili na nne, sita."

Marudio akakwapua karatasi mbili zilizokuwa karibu mezani, akaenda dirishani. Moja akaikunja katikati, akaichana. "Hii nusu, shika. Tukiiongezea robo, itakuwa kubwa kuliko nusu au ndogo?"

"Kubwa."

"Haya, ile nyingine igawe vipande sita vilivyo sawa. Chukua viwili. Vikiwa pamoja, ni vikubwa kuliko nusu?"

Kimya alikunja taratibu, akachana, akapima kipande juu ya kipande. Dakika zikaenda. Akakunja uso.

"Vidogo! Basi nimekosea."

"Tumekosea wote," Marudio akasema. Wakaanza upya, robo kwa robo, mpaka tatu juu ya nne ikalala yenyewe juu ya dawati. Hapo ndipo alipoona mwandiko wake kwenye vipande vile. Alikuwa amelichana andalio.

Muda ulibaki wa swali moja. "Robo ujumlishe na thumuni, yaani moja juu ya nane?"

Mikono juu, na wa Kimya pia. Safari hii ulikuwa wa kulia. Au amesahau? Kasuku alikuwa pale mbele, wa kulia, mtoto asiyekosea. Akilini Marudio alimwona dada yake kwenye cherehani, akaona virago. 

"Binti wa dirishani," akasema.

Kimya alitazama kikaratasi alichokuwa akikikunja chini ya dawati. "Tatu juu ya nane."

Kengele ikalia.

Watoto walipotoka, Bi Mizani alikuja mbele, akaokota kipande sakafuni. "Andalio hukulimaliza."

"Ndiyo, mama."

"Nimekukata. Na ile michezo ya mikono nimekukata zaidi. Umebaki na alama za kupita tu, hata ya akiba huna."

 Marudio akakaa kwenye dawati la Kimya. "Mama, mbinu hiyo uliijuaje?"

Bi Mizani alikuwa keshafika mlangoni. Alinyoosha mkono wa kushoto juu, akaushikilia hapo kidogo, kisha akaushusha.

"Nilikuwa mtoto kama hao," akasema. "Niliunyoosha huu mwaka mzima. Mwalimu wetu alipewa alama za juu kabisa."